Bee ya Saa Saba

Ukuta ndio uliotangulia kusema.

Ulikuwa ukuta wa matofali kama kuta zote, ukuta wa nyuma wa duka la Zadock Godhana, pale Garsen, upande wa barabara inayokwenda Witu. Joto la Garsen linajulikana. Mbuzi hugombania kivuli cha nguzo ya stima. Basi ndani ya joto hilo, ukuta ule ukawa baridi. Baridi kama tumbo la mtungi. Ikifika saa saba mchana kuku wa uani walijipanga kuuegemea, mbawa wazi, macho yamefumba. Na Cynthia, jirani anayeuza sambusa na soda katika kibanda cha pembeni, aliusogezea kreti lake la soda, akaacha kununua barafu.

"Mungu akikupa friji, usimuulize stima inatoka wapi," alisema.

Huyo ndiye Cynthia. Mdomo wake haujawahi kulala njaa. Ukipoteza kitu Garsen, kwanza muulize Cynthia kama amesikia kimepotea, ndipo uhangaike kukitafuta.

Zadock alikuwa fundi wa simu, na mtu wa kuwawekea vijana nyimbo kwenye flashi. Duka lilitazama barabara, nyumba ilikuwa nyuma yake, uani katikati. Mkewe watu walimwita Mama Joy, kwa jina la binti yao aliye shule ya bweni. Mama Joy hakuwa na urembo wa kusimulia, na mwenyewe alijua, lakini alikuwa na sauti. Akiimba kanisani, hata waliokuja kulala waliamka. Zadock alimposa kwa ajili ya sauti hiyo. Alikwenda Chewele kwenye arusi ya watu, akasikia mwanamke anaimba nyuma ya nyumba huku anaosha sufuria, akasema, huyo anayeimba, awe chongo, awe kiguru, namtaka. Kwa hiyo sauti ile ilikuwa mahari yake, na nyumba yake, na heshima yake mjini. Mwanamke mwingine huringa kwa dhahabu, yeye aliringa kwa koo.

Sasa sanduku.

Baada ya mafuriko yale makubwa, mto ulipokiacha kitanda chake ukaenda kulala mashambani kwa watu, mzee Philemon wa Kipini, mjomba wake Zadock, alishusha vitu vyake darini kuvianika. Ujanani Philemon alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja aliyekuja miaka ya themanini na mambo ya mpunga. Mpunga ulikataa, Mzungu akaenda zake, akaacha sanduku la santuri pamoja na mashine ya kuzipigia. Zadock alipoliona sanduku lile alilikumbatia kama mtu aliyekutana na nduguye. Alipokuwa mtoto wa kutambaa, alitambaa kwenye sakafu ya jiko la Mzungu yule alimopikia Philemon, na miziki ile ikimpitia kichwani.

Na ilikuwa miziki ya ajabu. Ngoma isiyo na ngozi, filimbi isiyo na pumzi, vyote ni kinanda cha umeme. Juu ya majalada palikuwa na wanaume waliopaka wanja na rangi ya mdomo, nywele zimesimama kama kiota cha korongo.

"Huyu ni bwana harusi au bibi harusi?" aliuliza Mama Joy siku mzee alipolileta sanduku Garsen.

"Huyo ndiye mpiga kinanda."

"Haya. Na mamake aliona?"

"Cheka tu, Mama Joy. Nyimbo hizi hata mtandaoni hazimo. Walitoa santuri chache, bendi ikafa, dunia ikasahau. Kuna watu Ulaya usiku kucha wanazitafuta, wanaulizana kama watu waliopotelewa na ng'ombe. Na ziko hapa, kwangu, Garsen!"

Alitengeneza mashine kwa siku nyingi. Mkanda wake uliooza aliukatia mwingine kutoka tyubu ya baiskeli. Mzee Philemon, kabla ya kurudi Kipini, alimvuta shati pembeni.

"Mjomba, zote piga. Lakini hii isiyo na picha, ya jalada la buluu, iache."

"Ina nini?"

"Sijui ina nini. Najua tu yule Mzungu alikuwa akiipiga saa saba ya mchana, jua la utosi. Anaiweka chumba cha mwisho, ambacho hakina mtu, anafunga mlango, anakaa nje kwenye kiti. Ikiisha anaingia kuitoa. Kama mtu anayepeleka chakula kwa mgonjwa."

"Wazungu wana mambo yao, mjomba."

"Wana mambo yao, ndiyo. Lakini kuna siku alitoka mle akaniuliza, Philemon, kwenu huku mtu akiitwa, huitikaje? Nikacheka, sikumwambia. Mpaka leo nashukuru sikumwambia."

Zadock naye alicheka. Santuri ya jalada la buluu ndiyo aliyoipiga ya kwanza.

*

Saa saba Garsen hufunga macho. Wenye maduka huteremsha milango, pikipiki hulala chini ya mikwaju, na hata anayekudai hukuacha mpaka saa tisa. Zadock zamani saa hiyo alikwenda kula kwake na kujinyoosha mkekani. Sasa chakula kilikuwa kinapoa. Alijifungia dukani, kufuli kwa ndani.

Cynthia alivumilia siku mbili, na kwake hizo ni nyingi. Siku iliyofuata alifika jikoni kwa Mama Joy, akavuta kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, akakikalia.

"Mama Joy, mimi si mtu wa maneno."

"La, shoga. Wewe huna hata neno."

"Lakini kuna mwanamke mle."

"Mle wapi?"

"Dukani kwa mumeo. Saa saba, mlango umefungwa. Anaongea Kizungu polepole, kama mtu aliye kitandani. Na harufu ya saluni, mwenzangu! Ile dawa ya kupulizia nywele. Mimi na wewe nywele zetu si zanuka moshi wa kuni?"

Mama Joy aliendelea kusonga sima. "Labda ni simu ya mtu inatengenezwa."

"Simu gani inajipulizia saluni?" Cynthia akasogea, akapunguza sauti. "Na jina nimelipata."

"Nani?"

"Dado."

Mwiko ulisimama.

"Dado wa wapi?" aliuliza Mama Joy.

"Wa wapi sijui. Lakini nimelisikia kwa masikio yangu. Dado, halafu anatulia, halafu tena, Dado. Mara mbili, kisha kimya. Mjue huyo Dado, Mama Joy, kabla hajakujua yeye."

Cynthia akaenda zake, hana habari ametia moto nyumba gani. Maana Dado ni Mama Joy mwenyewe. Dado ni jina alilopewa na nyanyake, jina la kutumwa maji na kuitwa chakulani, na lilibaki Chewele siku aliyopanda gari la arusi. Garsen nzima hapakuwa na mtu aliyelitumia. Zadock alilijua, lakini tangu Joy azaliwe hakulitia mdomoni. Ni mamake peke yake aliyemwita hivyo, kwa simu, Jumapili baada ya ibada.

Akakaa na sufuria yake, akawaza kama wanawake wanavyowaza. Ananicheza. Kampata mwanamke wa Kizungu wa huko mtandaoni, kampa jina langu la utotoni wanichekee nalo.

Kesho yake saa saba alivua kandambili, akapita uani polepole, akawasogeza kuku kwa mguu, akaweka sikio ukutani. Baridi ilimwingia sikioni kama maji. Kwanza alisikia tone, kama tone la mfereji linaloangukia mtungi mtupu, kisha tone la pili, kisha yakafuatana yakawa ngoma, na chini ya ngoma hiyo mlio mrefu uliopanda na kushuka bila kuvuta pumzi, na juu yake mwanamke, mbali kabisa, kama aliye ng'ambo ya mto wakati maji yamejaa, akisema maneno ambayo hakuyaelewa, taratibu, bila hasira, kama mtu anayetaja orodha ndefu ya watu na kila anayemtaja hayupo. Halafu ngoma ikaondoka. Halafu yule mwanamke, kwa karibu, karibu kiasi cha kuhisi mdomo wake upo upande wa pili wa tofali lile lile, akasema:

"Dado…"

Kimya.

"Dado…"

Mama Joy aliugonga mlango wa nyuma kwa ngumi zote mbili. "Baba Joy! Fungua! Fungua nimwone!"

Zadock alifungua. Alikuwa peke yake. Alikuwa amevaa sweta.

Watu wangapi wamewahi kuona sweta Garsen saa saba mchana? Mama Joy alitazama chini ya meza, akatazama nyuma ya pazia, akafungua hata kabati la vyuma vya simu ambalo haliingii paka. Harufu ya saluni ilikuwepo. Mwanamke hakuwepo.

"Sweta ya nini?"

"Humu kuna kibaridi, Mama Joy. Nafikiri ni huu ukuta."

"Na anayeniita ni nani?"

"Anayekuita?" Zadock akacheka, akamwonyesha santuri inavyozunguka. "Hebu sikiliza. Hasemi Dado. Ni mlio tu, da-do, da-do, kama sisi tunavyosema la-la-la."

"Basi si angesema la-la-la!"

"Mke wangu, wimbo huu uliimbwa wewe hujazaliwa. Angekujua wapi?"

Hilo ndilo swali lililomnyima usingizi. Zadock alidhani ameshinda hoja, akarudi kwenye mashine yake na uso ule ule wa mtu anayemtazama mtoto mchanga. Mama Joy akauona uso ule. Kabla ya hapo alimshuku mumewe na mwanamke; sasa akamshuku na wimbo, na hilo lilimuuma zaidi, kwa sababu mwanamke unaweza kumvuta nywele.

Wakawa wanakaa nyumba moja kama wageni wa lojing'i. Mumewe akinyamaza, anajiuliza anamsikiliza nani. Akiimba mwenyewe jikoni na mumewe asinyanyue kichwa, anajiuliza, mbona sauti yangu haisikii tena?

Asubuhi moja Zadock alikwenda stendi kupokea mzigo wa vioo vya simu. Mama Joy akachukua sindano ya kushonea mikeka, akaingia dukani, akaitoa santuri ya jalada la buluu. Ilikuwa baridi kama samaki. Haikuwa na maandishi katikati, karatasi nyeupe tu. Alisikia kwamba sindano ndiyo inayoisemesha.

"Sindano kwa sindano, basi," alisema. "Tuone utanitaja kwa mdomo gani."

Akaikwaruza mkwaruzo mmoja mrefu, pale karibu na mwisho, akairudisha kwenye jalada lake. Harufu ya saluni ilimbaki kwenye kidole gumba. Alikisugua kwa sabuni, akakisugua kwa ndimu na majivu. Haikutoka. Lakini moyo wake ulikuwa mwepesi, akatia maharagwe jikoni akiimba.

Kila mtoto wa mtoni hufundishwa haya na nyanyake: jua la utosi na wakati wa magharibi, ukiitwa na mtu usiyemwona, nyamaza. Acha aite. Jini ana pumzi mbili tu. Ataita mara moja, ataita mara mbili, ya tatu hana. Ya tatu ni ya binadamu, hiyo itika. Mama Joy alifundishwa hivyo, na Joy naye alimfundisha hivyo.

Ikafika saa saba. Zadock alikuwa amerudi na kujifungia. Siku hiyo alikuwa anairekodi ile santuri kwenye kompyuta, awapelekee wale watu wa Ulaya waliokuwa wakimsihi. Mama Joy, jikoni, alikuwa na hakika kwamba ameshaiua. Akapuliza moto. Kuku walikuwa kimya.

"Dado…"

Ilitoka uani, au nyuma ya uani. Mama Joy alinyoosha mgongo. Akanyamaza kama alivyofunzwa.

"Dado…"

Bado alinyamaza. Sasa ya tatu haiji, alijiambia. Haiji.

Kukawa na mlio mdogo, tak, kama kijiti kinavyovunjika.

"Dado…"

Mara tatu! Moyo wake ulifunguka kama mlango. Mara ya tatu ni binadamu, na binadamu anayemwita Dado ni mmoja tu duniani. Mamake! Mamake amepanda gari kutoka Chewele bila kumwambia, amepitia barabarani, anamwita kutoka dukani na mizigo yake kichwani. Wala hakuwaza kwamba sindano ya santuri ikikuta mkwaruzo huruka, ikarudi nyuma, ikasema tena ilichokwisha kusema. Angejuaje? Alimwitika mamake kama mtoto wa kike anavyomwitika mamake, kwa sauti yake yote, ile ya kwaya:

"Beee!"

Neno lilimtoka likavuta mengine nyuma yake. Alilihisi likitoka, kama uzi unapovutwa kwenye upindo wa leso na upindo wote ukafuata, likapita uani juu ya migongo ya kuku, likaingia ukutani. Alikimbilia barabarani kumpokea mamake. Hapakuwa na mtu. Aligeuka kumwita mumewe, akafungua mdomo, na mdomoni hamkuwa na kitu.

*

Hospitali walimmulika koo wakasema ni zima. Mchungaji alimwombea, kwaya ikafunga kwa maombi. Jumapili ile sauti ya kwanza iliimbwa na mwanamke mwingine, na waliokuja kulala walilala.

Cynthia naye hakukaa. "Amemlisha kitu," aliwaambia wanunuzi wa sambusa. "Mama Joy alikaribia kumtaja huyo Dado hadharani, mume akamfunga ulimi. Mimi sisemi. Nauliza tu." Na watu wakaanza kumtazama Zadock kwa jicho la pembeni, wakapeleka simu zao kwa fundi mwingine.

Aliyemjia bado ni Griffin, kijana wa bodaboda mwenye spika kubwa kama jeneza la mtoto nyuma ya kiti.

"Fundi, ile ngoma ya matone niliyoisikia juzi nikipita, iko fiti sana. Nipe kwa flashi."

Zadock, kichwa chake kimejaa mkewe, alichomeka flashi, akampa alichorekodi siku ile. Hakukisikiliza. Kile kile alikuwa amekwisha kuwapelekea watu wa Ulaya.

Alikisikiliza siku tatu baadaye, kwa sababu wale wa Ulaya waliandika kumshukuru, nao wakauliza: yule mwanamke wa pili anayeitika mwishoni ni nani? Sauti yake ni nzuri mno.

Akavaa vile vya kusikilizia masikioni. Matone. Ngoma. Ile orodha ndefu ya watu wasiokuwepo. Dado. Dado. Tak. Dado. Na hapo, ndani ya wimbo ulioimbwa kabla mkewe hajazaliwa, ndani ya santuri iliyokaa darini Kipini miaka yote hiyo, kwa sauti aliyoifuata mpaka Chewele: Beee!

Aliwahi kuwa mzee wa kanisa anayewasema wanaokwenda kwa waganga. Jioni hiyo hiyo alikwenda Chara akamtafuta Kadii, mama wa Kigiriama aliyehamia huko na wanawe, na alijifunika kofia asijulikane. Cynthia alijua kabla hajavuka daraja.

Kadii alikuja kesho yake, kashika chetezo mkono huu na simu mkono huu. Alimtazama Mama Joy mdomoni, akamnusa kidole gumba, akasonya. Zadock alimweleza yote, na Mama Joy mwenyewe alileta ile sindano ya mikeka, akaiweka chini, akalia bila sauti. Hapo ndipo Zadock alipojua habari ya mkwaruzo.

"Aliitika vipi?" Kadii aliuliza.

"Alisema bee."

"Alaa! Angesema 'nani', kiumbe hiki kingemwacha kikatafuta mtu mwingine. Angesema 'unataka nini', wangegombana tu. Lakini bee, mwanangu! Unajua bee ni nini? Bee ni 'nipo chini yako, niamuru'. Mke humwambia mume, mtoto humwambia mama. Huyu mwenzenu ameita watu miaka na miaka, hajawahi kuitikwa. Leo kaitikwa kwa adabu. Mwafikiri atakubali kuondoka?"

"Tufanyeje, mama?"

"Aulizwe jina. Viumbe hivi hupenda kuita, havipendi kuulizwa."

Saa saba ilipofika walifunga milango. Kadii alitia ubani, akaiweka santuri, akamwambia Zadock aizungushe kwa kidole, kinyume, kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Chumba kilipoa. Moshi wa ubani haukupanda, ulitambaa chini kama maji yanayotafuta mlango. Santuri ikaanza kulia kwa nyuma, na ile bee ikatoka kwanza, imepinduka, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuzama, na baada yake yale majina matatu yamegeuzwa ndani nje, na kila moja lilipotoka Mama Joy alipiga hatua moja kuelekea kwenye mashine, macho wazi, haoni, huku Kadii amemshika leso kwa nyuma anamwambia sikioni, muulize, Dado, muulize, usimwitike, muulize, na mshipa wa shingo ya Mama Joy ukatutumka kama wa mtu anayebeba gunia, na midomo ikatafuta, na kuku huko nje wote wakapiga kelele kwa pamoja.

"Nani?"

Ilikuwa sauti yake. Kavu, imechanika, lakini yake.

"Wewe ni nani? Nani? Nani anayeniita?"

Mlango wa mbele uligongwa kutoka ndani, mara moja. Kisha joto la Garsen likaingia kwa kila upenyo, na kamwe joto halikupata kupendwa namna ile. Ukutani kuku walinyanyuka mmoja mmoja wakaenda kivulini.

Kadii aliivunja santuri vipande kwenye goti lake. Akamwita Mama Joy kwa jina, amjaribu. "Dado!"

Mama Joy alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. "Siwezi," alisema, na wote wakashtuka, kwa sababu hilo alilisema vizuri. "Kila neno naliona lipo. Hilo silioni."

"Hilo limechukuliwa," alisema Kadii. "Uishi bila hilo. Ukiitwa, wewe njoo tu." Kisha akamgeukia Zadock. "Wimbo huu uko peke yake? Hujampa mtu?"

Zadock aliona uso wa mkewe. Aliiona furaha yake. Akawaza kuhusu watu wa Ulaya, nao wako mbali. Akawaza kuhusu Griffin, naye angeifuta mwenyewe akiambiwa.

"Uko peke yake, mama."

Kadii akachukua chetezo chake. "Haya," alisema. "Neno lako hilo."

*

Mama Joy alirudi kwaya. Wakongwe wa kusikiliza walisema sauti imeongezeka ukali kidogo, kama chai iliyolala, lakini ni yeye. Ukimwita haitiki. Anaacha alichoshika, anakuja, anasimama mbele yako kimya, ananyanyua nyusi. Wageni walidhani ana maringo. Cynthia aliwaeleza wote, kila mmoja kwa hadithi yake.

Zadock alimtafuta Griffin. "Nilifuta kitambo, fundi," alisema Griffin. Labda alifuta. Lakini alikuwa amewapa wenzake, na wenzake wana wenzao, na wimbo ulikuwa mzuri kwa safari. Ulikwenda Minjila, ulikwenda Witu. Huko Ulaya nako walikuwa wamekwisha kuupandisha mtandaoni, yeyote ausikie. Zadock alikaa na siri hiyo kama mwiba wa samaki kooni.

Siku moja saa saba alikuwa anateremsha mlango wa duka ili aende kula. Pikipiki ikatokea upande wa Minjila, si ya Griffin, ya mtu asiyemjua, spika wazi. Matone. Ngoma. Zadock alisimama na mlango mkononi.

"Dado… Dado… Dado…"

"Beee!" ilijibu spika.

Hapo wimbo ulikuwa ukiisha. Zadock aliujua kama kiganja chake: baada ya bee ni mkwaruzo, kisha hakuna kitu. Pikipiki ilikuwa inapita mbele yake hasa, na mkwaruzo haukuja. Ilikuja sauti ya yule mwanamke wa ng'ambo ya mto. Haikuwa tena mbali. Wala hakusema Kizungu. Alisema Kiswahili, na lafudhi ilikuwa ya Chewele.

"Njoo."

Zadock aliuacha mlango ukaanguka. Alikata uani mbio, akapita jikoni, sufuria inafurika inazima moto, mwiko uko chini. Mama Joy alikuwa langoni. Alikuwa amevua leso ya jikoni na kuikunja vizuri, amevaa viatu vya kanisani, na mkono wake mmoja ulikuwa mbele yake, umenyooka kidogo, kama wa mtoto anayevushwa barabara na mtu mzima. Macho yalikuwa wazi. Zadock aliushika ule mkono mwingine kwa mikono yake yote miwili. Ulikuwa baridi kama tumbo la mtungi.

Alimshika mpaka saa tisa.

Tangu hapo, ukipita Garsen saa saba utakuta duka la Zadock limefungwa, hata mteja awe na shida gani. Amekwenda kwake. Wanakaa kwenye mkeka, mke na mume, mkono ndani ya mkono, hawasemi. Watu waliochungulia juu ya ua wamewaona, wanawake wengine wamewagombeza waume zao kwa ajili hiyo. Wanasema, mapenzi ni yale, mwanamume anafunga biashara yake mchana wa jua kwenda kumshika mkewe mkono.

Ni mapenzi, ndiyo. Lakini Cynthia, aliyeingia siku moja bila hodi kuomba chumvi, anasema Zadock alikuwa amezungusha mguu wake kwenye nguzo ya nyumba, jasho linamchuruzika. Anasema mkono ule huvuta.